Ndege ya Saa Nne na Dakika Kumi

Kazi yangu ni kuuza tiketi za ndege, na sipendi haraka za watu. Bosi hunitania kwa kuniita Mama Ngojangoja, kwa sababu msafiri wangu akibadilisha ndege njiani lazima apate saa nne za kungoja. Zikipungua, simuuzii. Wenzangu wa meza za jirani huuza hata za dakika arobaini na mteja akaondoka anacheka. Mimi wangu akinuna, anune. Atanuna huku ana tiketi ya kumfikisha.

Sikuzaliwa na sheria hiyo. Mwaka wangu wa pili kazini nilimuuzia mwalimu mmoja, mwenye mtoto mchanga, safari ya kuunganisha ndege kwa dakika hamsini. Ya kwanza ikachelewa, ya pili haikumngoja, na mwalimu akakaa siku mbili kwenye uwanja wa ugenini, maziwa ya mtoto yamekwisha. Aliporudi alikuja akakaa mbele ya meza yangu, akalia bila kunitukana. Afadhali angenitukana. Siku hiyo nikala kiapo.

Fundi cherehani aliingia Jumamosi asubuhi, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, vipande vya uzi mweusi vimemganda mkononi. Ilionekana aliacha nguo ya mtu kwenye mashine.

"Mwanangu, nataka kwenda kwa dada yangu mkubwa," alisema kabla hajakaa. "Lakini nipite kwanza kumchukua dada yangu wa kati. Wako nchi mbili tofauti."

"Karibu ukae, mama. Lini?"

"Ningekuwa na mabawa nisingekuja kwako. Dada mkubwa amelazwa. Mwanawe amenipigia alfajiri, madaktari wamesema siku ni za kuhesabu."

"Na huyu wa kati hawezi kwenda peke yake mkakutana hukohuko?"

"Haoni."

Nikamuuliza mengine, maana kwenye kazi hii umbea huokoa tiketi. Fundi ndiye kitinda mimba. Miaka kumi na mmoja nyuma, dada wa kati alikuwa hospitali akipasuliwa macho, wakijaribu kuokoa kilichobaki, mama yao akafariki. Dada mkubwa akaamuru mtu yeyote asimwambie mgonjwa mpaka apone. Macho hayakupona, na msiba aliambiwa mwezi mzima baada ya maziko. Tangu hapo hakumsemesha mkubwa wake hata salamu. Sasa mkubwa anamwita.

"Si wapatane kwa simu?" nilisema. Najua, ni swali baridi, lakini nchi tatu kwa notisi ya siku mbili si mchezo.

Fundi alipiga namba, akaiweka simu mezani kati ya kalamu zangu na mashine ya kubania karatasi, sauti imefunguliwa.

"Wewe ndiye wa tiketi?" ilisema sauti nzito ya mwanamke. "Nisikilize. Mimi sioni. Mtu nisiyemshika mkono, kwangu hajaja. Nataka nimshike dada yangu nimwambie yamekwisha, na yeye awe anasikia. Nikifika nikamkuta maiti, mtakuwa mmenipeleka bure."

"Nimekusikia, mama," nilisema. Nilimsikia kweli. Nilisikia na jinsi alivyokuwa akihema.

Nikaanza kazi. Hakuna shirika moja linalopita kote kule, kwa hiyo nilishona safari kwa mashirika matatu. La kwanza lingemtoa fundi hapa Jumatatu na kumfikisha kwa dada wa kati. La pili lingewabeba wote wawili Jumanne alfajiri hadi uwanja mkubwa wa kubadilishia ndege, watue saa tatu kamili asubuhi. La tatu lingewatoa pale hadi mji wa dada mkubwa, mwendo wa saa tano. Ubaya wa tiketi za mashirika mbalimbali ni kwamba kila shirika linamjua abiria wake tu. Ukichelewa kwa sababu ya wenzao, hiyo ni shauri yako na Mungu wako. Tiketi inakufa, na unaanza kutafuta nyingine pale pale, ukiwa umeshika mkono wa mtu asiyeona.

Nilitia jina la dada wa kati herufi kwa herufi, mjukuu wake akinisomea pasipoti kwenye simu ileile. Nikaomba kiti cha magurudumu kila kituo. Kisha nikafungua orodha ya safari ya mwisho. Jumanne kulikuwa na ndege mbili. Ya kwanza, saa nne na dakika kumi asubuhi, viti kumi na kimoja vitupu. Ya pili, saa moja jioni.

Kioo cha kompyuta yangu kinatazama upande wangu tu. Mteja anaona mgongo wa kompyuta na nyaya.

"Mtatua saa tatu asubuhi, mtaondoka saa moja jioni," nilisema.

"Tukae siku nzima?" Fundi alisogeza kiti. "Hakuna ya mapema, mwanangu?"

Dakika sabini. Kiti cha magurudumu kinachelewa kuja, abiria wa namna hiyo hushushwa mwisho, ukaguzi una foleni. Nilimwona yule mwalimu na mtoto wake kama vile wameketi pale pale. Ningeweza kumweleza fundi haya yote, yeye na dada yake wakaamua. Lakini nawajua watu wenye mgonjwa. Wangechagua ya mapema kabla sijamaliza kueleza.

"Hakuna, mama," nikasema.

Akashusha pumzi, akakubali. Niliwaandikia kwa mkono karatasi ya safari, kila hatua na saa yake, washuke wapi, wamwonyeshe nani tiketi ipi. Fundi aliikunja akaitia kwenye pochi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita mwanangu mara tatu. Nilijisikia vizuri. Niseme ukweli, nilikuwa nimejaa kiburi. Nilimwambia hata mwenzangu wa meza ya pili, "Hivi ndivyo tiketi inavyopangwa."

Jumanne sikuwafikiria. Nilikuwa na kundi la wanafunzi ishirini na sita, na mashine ya kuchapa ilikuwa imegoma.

Wiki ya tatu fundi alirudi. Hakuwa na utepe shingoni na alikuwa amepungua mwili. Alikaa, akaweka pochi mapajani, akanisalimu vizuri tu. Nikampa pole kabla hajasema, maana uso ulikuwa umeshasema.

"Alitutoka Jumanne hiyohiyo," alisema. "Saa kumi na moja jioni. Sisi tumekaa pale uwanjani, dada anarudia rudia maneno atakayomwambia. Mtoto wa dada akapiga simu."

"Pole sana, mama."

"Ndege yetu ile ya alfajiri ilitua mapema. Saa tatu kasoro robo. Hatukuwa na mzigo, vijibegi vya mkononi tu. Yule kaka aliyekuja na kiti cha magurudumu akatuuliza tunakwenda wapi, tukamwambia. Akasema, mbona ndege ya huko inaondoka sasa hivi, lango ni lile pale? Akatusukuma hadi mlangoni. Yule binti wa pale akatazama tiketi zetu, akasema ninyi ni wa jioni, ya sasa orodha yake nimeshaifunga. Tulikuwa tunawaona watu wanaingia."

Nikapiga hesabu bila kutaka, mazoea ya kazi. Wangetua saa tisa na dakika kumi. Wangefika hospitali saa kumi. Wangekuwa na saa nzima.

Nilishika ukingo wa meza kwa chini, asikoona.

"Dada amerudi kwake," fundi aliendelea. "Kila siku ananipigia, swali ni lilelile. Amenituma nikuulize wewe mwenyewe. Ile ya asubuhi ilikuwa imejaa, siyo?"

Alikuwa ameniletea jibu mkononi. Sikuwa na la kufanya ila kulipokea. Neno moja, na wote watatu tungelala. Na ulimi wangu ulikuwa umeshajiandaa, nakiri.

"Haikujaa," nikasema. "Ilikuwa na viti kumi na kimoja. Niliviona nikakuficha."

Mwenzangu wa meza ya pili aliacha kubonyeza kompyuta.

"Kwa nini?" fundi aliuliza.

"Niliogopa mtaikosa, mkwame na mtu asiyeona. Dakika zilikuwa chache. Nilifanya kwa ajili yenu."

"Hata dada mkubwa alisema hivyohivyo," alisema fundi. Hakupandisha sauti. "Kuogopa ilikuwa kazi yetu, mwanangu. Ungetuachia wenyewe."

Nikamwomba msamaha. Machozi yalinitoka mbele ya wateja, mimi ambaye hata mwalimu hakuniliza. Yeye hakuniambia nimekusamehe wala sikusamehe. Alisimama, akakung'uta sketi kama mtu aliyemaliza kushona.

"Utamwambiaje dada yako?" nilimuuliza.

"Nitamwambia ilikuwa imejaa. Amechoka, na hana tena wa kugombana naye ila mimi."

Nilitaka kumwambia asimfiche. Sikuwa na uso wa kusema hivyo, nikamfungulia mlango.