Mwalimu wa Akiba

Tangazo lile aliliona Optatus kwanza. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ofisi ya walimu ya shule ya Chiungutwa, simu mkononi, akamwita mkewe kwa sauti kubwa hadi wanafunzi waliokuwa wakifagia wakageuka.

"Mama Kelvin, njoo usome hapa. Wanatafuta walimu wa sayansi waende porini na watafiti. Wiki mbili, Newala, kule kwenye ukingo wa uwanda wa juu. Gharama zote juu yao. Tuombe wote wawili!"

Wilhelmina alisoma akicheka. Alikuwa mwalimu wa biolojia kama mumewe, ila yeye alikuwa na miaka mitano kazini na Optatus alikuwa na kumi na miwili. Alitokea Mbinga, akapangiwa shule ile, na hapo ndipo walipokutana. Mumewe alikuwa mtu wa Lisekese hasa, nje kidogo ya mji wa Masasi, amezaliwa hapo, na mama yake bado alikuwa akilima mikorosho yake hapo hapo.

Waliomba wote. Majibu yalipokuja, aliyechaguliwa alikuwa Wilhelmina. Optatus aliambiwa amewekwa akiba: mwenzake akishindwa kwa sababu yoyote, ofisi itampigia.

Siku ile Optatus alichinja jogoo. Aliwaambia walimu wenzake, akawaambia jirani zake, hata mwenye duka la salfa, dawa ya mikorosho, pale senta alijua kwamba mke wa Optatus anakwenda kufanya utafiti. Alimnunulia mabuti ya mpira. Asubuhi ya safari alimbebea begi hadi kwenye gari la mradi, akamshika bega.

"Nenda ukatuwakilishe," alisema. "Mtoto usiwe na wasiwasi naye. Nipo mimi, yupo na mama."

Maneno hayo yalimtuliza Wilhelmina kuliko zawadi ya mabuti, kwa sababu Kelvin, mtoto wao wa pekee, alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alikuwa na miaka minane na tayari alikuwa anawajua wauguzi wa wodi ya watoto kwa majina. Maumivu yalipomjia, yalimjia ghafla, kwenye miguu na mgongo, na mara mbili walikuwa wamemkimbiza hospitali ya Masasi wakidhani wanampoteza. Wilhelmina hakuwahi kulala mbali naye. Alikubali kwenda kwa sababu mtoto alibaki na baba yake.

Kambi ilikuwa nje ya mji wa Newala, mahali ardhi inapokatika na kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni kama maziwa, na baridi ya Juni ilimfanya avae sweta juu ya sweta. Mkuu wa msafara alikuwa Dakta Mwanaheri, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akichunguza sange: mnyama mdogo kama panya mkubwa, miguu mirefu, pua ndefu inayochezacheza kama mkonga. Anaishi kwenye vichaka vizito na kujenga kiota chake kwa majani makavu. Vichaka hivyo vilikuwa vikipungua mwaka hadi mwaka, na dakta alitaka kujua sange wamebaki wapi.

Wilhelmina alijifunza kufunga kwenye mti, kwa urefu unaofaa, kamera inayojipiga yenyewe mnyama anapopita. Alijifunza kutofautisha kiota cha sange na lundo la majani lililoletwa na upepo. Siku ya pili aligundua viota viwili mwenyewe, na dakta akamwambia, "Una macho mazuri, mwalimu." Aliyaandaa moyoni masomo ambayo angewafundisha wanafunzi wake akirudi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ualimu hakuona kuwa anafundisha vitu vya mbali.

Kambini simu hazikushika. Kulikuwa na kilima kimoja tu cha kupata mtandao, na kila siku baada ya chakula cha mchana alipanda huko kuzungumza na Kelvin.

Siku ya nne, alipofika juu ya kilima, simu iliita kabla yeye hajapiga. Alikuwa Optatus.

"Mama Kelvin, uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Kuna nini?"

"Mtoto. Maumivu yamempata tangu asubuhi. Tumemlaza hospitali."

Wilhelmina alikaa chini kwenye majani. "Mpe simu nimsikie."

"Amechomwa sindano, amelala. Alikuwa anakuita wewe tu. Daktari anasema safari hii ni mbaya." Optatus aliongeza kwa sauti iliyokatika, "Njoo, mke wangu."

Baadaye hakukumbuka alivyoteremka kile kilima. Alimkuta Dakta Mwanaheri, akamweleza, na dakta hakuuliza hata swali moja. Alimwita dereva wa mradi, kijana wa Newala aliyeitwa Sultani, akamwambia ampeleke mwalimu Masasi sasa hivi. Akamkumbatia Wilhelmina. "Usifikirie kazi. Nitawaarifu ofisini, watajua la kufanya. Wewe wahi kwa mtoto."

Pande zote mbili za barabara watu walikuwa wakipulizia mikorosho, vumbi la salfa likielea manjano juu ya miti, na Sultani akapandisha vioo bila kuambiwa. Walipofika mlango wa hospitali alimshukuru dereva bila kumtazama, akakimbia. Sultani akageuza gari kwenda stendi. Alikuwa amepigiwa simu njiani kwamba kuna mwalimu mwingine wa kumchukua pale.

Wodi ya watoto, Kelvin hakuwepo. Wilhelmina alipita kitanda kwa kitanda, akainua hata shuka za watoto waliokuwa wamejifunika uso. Mama wa mmoja wao akamtazama kwa huruma. Mwishowe akamwona Flora, muuguzi aliyemzoea Kelvin tangu akiwa mchanga.

"Dada Flora, mwanangu mmempeleka wapi?"

"Kelvin?" Flora alishangaa. "Kelvin hajaja huku tangu siku ya kliniki, mama. Kwani anaumwa?"

Kama hayupo wodini, Wilhelmina aliona jibu moja tu. Flora akamshika, akamkalisha kwenye benchi, akaenda mwenyewe kuuliza mapokezi, kisha kila mahali pengine ambapo hakutaka kumtajia. Aliporudi alisema polepole, "Nimeuliza kote. Hakuna mtoto wa jina hilo aliyeletwa leo. Nenda nyumbani kwanza." Simu ya Optatus haikupatikana.

Bodaboda ilimshusha kwa mama mkwe wake Lisekese jua likiwa bado halijazama. Mama Optatus alikuwa amekaa kwenye mkeka nje, ungo mbele yake, akimenya mbaazi mbichi. Kando yake, akimenya pia na kula nusu ya alizomenya, alikuwa Kelvin.

"Mama!" Mtoto aliruka, mbaazi zikamwagika. "Umeniletea sange?"

Wilhelmina alipiga magoti mchangani, akamshika kila mahali, miguu, mgongo, paji la uso. Alilia kwa sauti hadi Kelvin akaogopa. Kwa dakika hizo hakuwaza chochote kingine. Alikuwa na furaha tu, furaha kubwa kiasi cha kutaka kuimba.

Alipotulia ndipo alipokumbuka kusalimia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umerudi unalia? Baba Kelvin alisema umechoka tu."

"Amesema nini?"

"Alisema umechoka na kazi za porini, umemwomba akakushikie nafasi. Kaondoka mchana na begi. Kasema gari linamchukua stendi." Bibi aliacha kumenya. "Hamkuonana?"

Wilhelmina alimtazama mkwewe, akaona hajui lolote. Akaeleza habari ya simu. Mama Optatus alisikiliza mkono ukiwa mdomoni hadi mwisho. Kisha alikusanya mbaazi moja moja kutoka mchangani.

Wilhelmina alikumbuka gari la mradi likigeuza pale hospitalini. Yeye alikuwa akifunua shuka za watoto wa watu, na mumewe alikuwa akiingia kwenye kiti alichotoka yeye, pengine bado kina joto.

Asubuhi alimwacha Kelvin na bibi yake, akapanda basi la kwanza la Newala, na kutoka Newala akakodi bodaboda hadi kambini.

Optatus alikuwa chini ya turubai, amevaa fulana ya mradi. Mbele yake kulikuwa na meza, mizani ndogo na mfuko wa kitambaa unaotikisika, na Dakta Mwanaheri alikuwa akimwelekeza namna ya kumpima sange bila kumuumiza. Optatus alikuwa akitabasamu. Ilikuwa furaha ya kweli, Wilhelmina aliitambua, na kuitambua kulimuumiza.

Dakta alimwona kwanza. "Mwalimu! Mtoto anaendeleaje?"

"Hajambo, dakta. Hakuumwa."

Optatus aliinuka. "Mama Kelvin..."

Dakta aliwatazama wote wawili. "Mnafahamiana?"

"Huyu ni mume wangu," Wilhelmina alisema. "Ndiye aliyenipigia simu kwamba mtoto amelazwa."

Dakta Mwanaheri aliufunga mdomo wa ule mfuko polepole. "Mimi niliambiwa ni mwalimu wa akiba kutoka ofisini," alisema. "Na yeye jana akaniambia ni mwenzako wa shule, kwamba umemwomba aje."

"Mke wangu, twende pembeni tuzungumze," Optatus alisema kwa sauti ya chini.

"Hapana. Jana ulinikuta pembeni, peke yangu, juu ya kilima. Leo sema hapa."

Optatus alianza kwa kutafuta maneno, kisha yakamtoka kwa mkupuo. "Miaka kumi na miwili nafundisha watoto wanyama ambao sijawahi kuwashika. Mimi ndiye niliyeliona tangazo. Mimi ndiye niliyekuambia tuombe. Kisha kila mtu pale shuleni ananipongeza, hongera, mkeo kachaguliwa, na mimi nacheka. Unajua nilivyokuwa nacheka? Nilijua siku utakaposikia mtoto hajambo utafurahi, yataisha. Nilitaka wiki moja tu na mimi nione."

"Ungeniambia."

"Ungeniachia?"

Wilhelmina alifikiri kabla ya kujibu. "Sijui. Labda ningekataa. Labda tungegombana siku tatu, nikakuachia. Lakini ungeniomba, Optatus." Ilikuwa mara ya kwanza tangu Kelvin azaliwe kumwita kwa jina lake. "Ulikuwa na uongo mwingi wa kuchagua. Ungesema nyumba imeungua. Ungesema mama yako kaanguka. Ukachagua huo kwa sababu ulijua nitakimbia bila kuuliza. Nimefunua shuka za watoto wagonjwa nikitafuta uso wa mwanangu. Siku ukinipigia tena ukaniambia Kelvin anaumwa, na kweli anaumwa, nitakuaminije?"

Hilo Optatus hakuwa amelifikiria. Ilionekana wazi usoni mwake kwamba ndiyo kwanza anaambiwa.

Dakta Mwanaheri alisema, "Ya nyumbani kwenu mimi siyaingilii. Ila nafasi hii ni ya mwalimu Wilhelmina, na hakuiacha kwa hiari yake. Sultani atakurudisha stendi, mwalimu."

Optatus alivua ile fulana, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Alipopita karibu na mkewe alisema, "Nisamehe." Wilhelmina aliisogelea meza, akaushika ule mfuko.

Alibaki hadi mwisho. Alifanya kazi yake yote na hakuna aliyemlalamikia. Juu ya kilima alipiga simu ya mama mkwe, akazungumza na Kelvin mwenyewe, akamwambia acheke kidogo ili amsikie. Siku moja walimfungulia sange waliyemaliza kumpima. Mnyama yule alisimama kwanza, akanusa hewa kwa ile pua yake ya ajabu, mgongo wake wa rangi ya kutu ukiwaka kwenye jua, kisha akapotea kichakani kama jiwe lililorushwa. Wenzake walipiga makofi. Wilhelmina aligeuka haraka kutaka kumsimulia mtu, na mtu aliyemjia akilini alikuwa Optatus. Miaka yote, kila alichokiona kizuri, alikipeleka kwake. Alisimama pale na habari yake nzuri, hana wa kumpa.

Aliporudi nyumbani alikuta nyumba imefagiliwa, maji yamechotwa, chakula kipo tayari. Optatus aliomba radhi mbele ya mama yake, akiwa amepiga goti, na mama yake akamwombea msamaha kwa machozi. Wilhelmina alisema amesikia. Hakupiga kelele, hakuondoka. Walikwenda kazini pamoja kama zamani, wakala meza moja. Walimu walipomuuliza Optatus kwa nini alirudi mapema, alisema kweli ilivyokuwa, na hilo Wilhelmina alilisikia kwa wengine, naye hakulizungumzia.

Siku ya kliniki ya Kelvin walikwenda wote watatu. Wakati mtoto anapimwa, Wilhelmina alimvuta Flora karibu na dirisha.

"Dada, nataka uhifadhi namba yangu. Mwezi ujao nakwenda Mtwara kwenye mafunzo. Kelvin akiletwa hapa, saa yoyote ile, nipigie wewe."

"Sawa, mama. Lakini si baba yake atakuwepo? Atakupigia yeye."

"Nipigie wewe," Wilhelmina alirudia. "Nikisikia kwako nitakuja."

Optatus alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua chache kutoka pale, kofia ya mtoto magotini. Alikuwa amesikia. Flora alimtazama, akamtazama mkewe, kisha akatoa simu mfukoni na kuanza kuandika namba alivyokuwa akitajiwa.