Mabibo ya Kufunga na Uzi

Ma'mkubwa Kokuberwa kafundisha shule miaka na miaka, na mie mwenyewe alishanichapaga kwa kumwigilizia jirani kwenye mtihani. Kwa hiyo aliponiita uani jana asubuhi, kashika uzi wa kushonea na mfuko wa mabibo ya sokoni, nilidhani anatania.

"Edgar, panda juu ufunge haya."

"Kwenye mkorosho?"

"Unataka ukafunge kwenye nguzo ya umeme? Panda, Ansbert yuko njiani."

Braza Ansbert ni mwanae. Anataka kuukata huo mkorosho ajenge fremu tatu za biashara, maana barabara ya hapa kwetu Pugu siku hizi imechangamka. Mama yake alimwambia: ukizaa msimu huu, usiuguse, usipozaa, lete msumeno. Sasa msimu ndo unaisha, na mti hauna hata ua. Una majani tu, mazito, ya kijani, utadhani uko kwenye tangazo la mbolea. Na aliupanda marehemu baba mkubwa. Mche aliutoa Masasi alikokuwa karani, na haukupita muda akafariki.

Si kwamba ulikosa matunzo. Ma'mkubwa ni Mhaya, na Mhaya anajua kulea mgomba. Basi na mkorosho ukalelewa kigomba: nyasi kavu rundo zima shinani, samadi, na maji ya kuoshea vyombo asubuhi na jioni.

Nikapanda. Bibo lenyewe ni laini, linateleza, ila ile korosho iliyobandikwa kwenye ncha yake ni ngumu na imepinda kama ndoano. Uzi unakaa vizuri. Nikafunga hapo yote. Chini ma'mkubwa ananielekeza kama tunapamba mti wa Krismasi.

"Yasibanane! Yataonekana ya uongo."

Ansbert akaja, akatazama juu.

"Mama, kweli umezaa."

"Si nilikwambia?"

Ansbert kazaliwa Bukoba, kakulia Kinondoni. Korosho anaijua ikiwa kwenye pakiti. Angeondoka hivyo hivyo, ila jirani yetu Marietha, mtu wa Newala kwenye mikorosho yenyewe, akapiga hodi kuja kuazima mchi.

"Shikamoo mwalimu... He! Jamani, mkorosho wenu unazaa miguu juu?"

"Marahaba. Una maana gani?"

"Bibo ndo linashika tawi, korosho inakaa chini yake. Haya yenu yananing'inia kama popo!"

Papo hapo moja likachomoka, likatua begani kwa Ansbert, kwenye shati jeupe. Juu uzi ukabaki unachezacheza na korosho yake.

"Mama," Ansbert akasema taratibu. "Umeigilizia?"

Ma'mkubwa akakaa kwenye kigoda. "Nimeigilizia. Edgar kanifundisha."

"Mie?"

"Nyamaza wewe." Akamgeukia mwanae. "Vitu vyote vya baba yako vimekaa tu kabatini, Ansbert. Huu ndo unaokua."

Ansbert akafuta bega, akazidi kulisambaza doa. Kisha akamuuliza Marietha, "Unaumwa huu mti?"

"Unaumwa wapi! Mmeushibisha. Maji kila siku, uzae una shida gani? Toa hayo manyasi, punguza matawi ya chini upate hewa. Mwakani ukianza maua mnaupulizia salfa, dawa ya ukungu, basi."

Ansbert akauzunguka mti polepole, akatoa simu.

"Fundi, zile fremu fanya mbili. Hii ya tatu acha, pana mti. Ndiyo, unabaki. Najua nilichosema jana, braza."

Ma'mkubwa alikuwa kashapiga magoti, anavuta nyasi shinani kwa mikono miwili.

"Marietha, kwa hiyo maji hata kidogo?"

"Hata tone."

"Hata jua likiwa kali?"

"Hata, mwalimu."

"Na kuusalimia asubuhi?"

Marietha akafikiria. "Hapo salimia tu. Ila usiushikeshike."