Mapambo Yasiyozidi Futi Sita

Jumatatu jioni, siku nne kabla ya Halowini, Darlene Hudak alikuwa amepiga magoti kwenye saruji ya gereji yake akigombana na skrubu. Skrubu ilikuwa inazunguka tu. Haiingii, haitoki, inazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Kando yake kulikuwa na mbao nane za plaiwudi, roli mbili za nailoni nyeusi, na mashine ya kutoa moshi ambayo ilipowashwa ilitoa harufu tu.

"Umetoboa tundu kubwa," Rudy alisema.

Rudy alikuwa mumewe. Alikuwa amekufa Machi ya mwaka juzi. Alisimama mlangoni na ovaroli lake la bluu la Kiwandani, thamosi kwapani, akiutazama ukuta wa mkewe kwa uso ule ule aliokuwa akitazamia mapishi ya dada yake.

"Nimetumia drili uliyoniachia," Darlene alisema.

"Drili haina kosa. Na huu ukuta umelala. Pima maji iko wapi?"

"Tumekuzika nayo. Uliomba mwenyewe."

Rudy akapapasa mfuko wa paja, akaikuta, akaiweka juu ya ukuta. Kiputo kilikimbilia kushoto na kukaa huko. Darlene akatupa drili kwenye boksi. Saa tatu za kazi, na kosa limeonekana na mtu ambaye hata hapumui.

Kwa miaka kumi na tisa Rudy ndiye aliyejenga nyumba ya vitisho hapo Barabara ya Hickory. Watoto wa mtaa mzima waliingia kwa mlango mkubwa wa gereji, wakapita kwenye kichochoro chenye giza, wakashika ubongo wa tambi na macho ya zabibu zilizomenywa, wakatokea uani wakiwa wamelowana machozi na wanataka kurudia. Tangu alipokufa, gereji ilikaa kimya. Darlene alikuwa anauza rangi na misumari dukani siku nzima. Akirudi hakutaka kuona msumari mwingine.

Mwaka huu alitaka. Binti yao, Corinne, mwenye miaka ishirini, alikuwa ameandikishwa kazi Kiwandani. Angeanza Jumatatu inayofuata, saa moja asubuhi, kitengo cha kuchekecha mchanga wa kutengenezea vioo. Ni kitengo alichofanyia kazi baba yake mpaka mapafu yakawa mazito kama mifuko miwili ya saruji.

Darlene alikuwa ameongea. Ameongea mezani, ameongea kwenye gari, ameongea kupitia mlango wa bafu. Amebandika picha ya eksirei ya kifua cha Rudy kwenye friji, katikati ya ratiba ya takataka na picha ya mbwa. Corinne akawa anaisogeza kidogo akitaka kuona siku ya takataka.

Kuongea kulishindikana. Ikabaki kutisha. Na tangu Corinne ana miaka minne kitu kimoja tu kilikuwa kimewahi kumtisha duniani: baba yake akitokea nyuma ya pazia la mwisho. Rudy hakuwahi hata kuvaa kinyago.

"Kwa hiyo kazi yako ni moja," Darlene alimwambia. "Ijumaa, akifika pazia la mwisho, mtishe mpaka asithubutu kukanyaga kule."

"Sawa, mke wangu," Rudy alisema. "Lakini kwanza tubomoe huu ukuta."

Siku iliyofuata, Darlene akiwa ameomba ruhusa dukani, Rudy alikuja na wenzake kumi na watatu. Wote wa Kiwandani, wote wa kikohozi kile kile, kila mmoja na thamosi yake. Wa mwisho kufa alikuwa Lyle Bascom, mtu wa masihara, aliyezikwa Mei na bado kiatu kimoja kilikuwa na udongo.

Hapo ndipo Darlene alipoanza kuchoka. Wafu hawa hawakujua kutisha. Walijua kufanya kazi. Walibomoa kila alichojenga, wakang'oa misumari na kuinyoosha mmoja mmoja, wakabishana nusu saa kuhusu bawaba. Saa nne waliketi kunywa kahawa. Saa tisa waliketi tena. Saa kumi king'ora cha Kiwanda kilipolia waliweka zana chini, wakanawa mikono kwenye bomba la bustani na kupotea, hata kama mtu ameachwa juu ya ngazi ameshika ubao peke yake, na huyo mtu ni Darlene.

"Jamani, nyie ni maiti," aliwaambia. "Hamwezi hata kulia kidogo? Kuburuza mguu?"

"Shemeji, tukilia tunakohoa," Lyle alisema.

Akaonyesha. Alikohoa mara tatu na vumbi likamtoka mdomoni, laini, la kijivu, likaelea kwenye gereji yote na kukataa kushuka. Wenzake wakaambukizwa. Baada ya dakika moja ukuta wa mbele haukuonekana. Darlene akachukua ile mashine ya moshi na kuipeleka kwenye pipa.

Alhamisi alikuja Garland Pruitt wa kamati ya mtaa, na tepu ya kupimia na karatasi kwenye ubao. Garland alikuwa mhasibu Kiwandani na kila vuli alipatwa na kikohozi ambacho alisema ni mzio wa majani makavu.

"Nyumba moja, mapambo matatu tu yanayozidi futi sita," alisema. "Umesaini mwenyewe, Darlene." Akatazama huku na huku. "Una kiunzi cha mifupa cha futi kumi na mbili pale mbele. Hicho kimoja. Rudy, simama wima."

"Nimesimama."

"Futi sita na inchi mbili. Mambo vipi lakini?"

"Tunasukuma."

Akawapima wote. Lyle alizidi kwa inchi moja. Mwingine wa kitengo cha tanuri akazidi kwa mbili. Jumla wanne.

"Mmoja apungue," Garland alisema.

"Garland, wewe ulibeba jeneza la huyu mtu!"

"Nalikumbuka. Bega liliniuma wiki mbili. Lakini kanuni hazisemi mzima wala marehemu, zinasema mapambo."

Kwa hiyo kiunzi cha futi kumi na mbili kikalazwa kwenye nyasi, mikono kifuani. Darlene alikitazama akakionea wivu.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni watoto walianza kuja, mabuibui na wachawi na mmoja aliyevaa kama mashine ya kufulia. Waliingia kwenye kichochoro kilichonyooka kama rula, chenye kuta zisizotikisika. Hakuna aliyepiga kelele.

"Shikamoo, Bwana Bascom," walisema.

"Marahaba. Ndizo jezi hizo? Mlifungwa ngapi Jumamosi?"

Mtoto mmoja alimkuta babu yake karibu na beseni la tambi, akamwonyesha jino lililong'oka. Wazazi waliosimama nje na vikombe vya juisi ya tufaha ya moto walisifia.

"Moshi mzuri, Darlene! Umenunua wapi?"

"Haujanunuliwa. Wa Kiwandani."

"Ndiyo maana. Wale hawafanyi vitu vya ovyo," walisema, wakachota chokoleti zenye nembo ya Kiwanda, ambazo Kiwanda kiligawa bure kila mwaka, wakaondoka wakikohoa taratibu kuelekea nyumba inayofuata.

Saa moja na nusu akaja Corinne. Alikuwa amevaa ovaroli jipya la bluu, mikunjo ya pasi bado imo. Jirani mmoja akampongeza kwa vazi lake la Halowini. Darlene alimfuata nyuma na tochi, moyo ukimdunda kama yeye ndiye anayeingia mara ya kwanza. Walipita tambi. Walipita zabibu. Lyle akasogea pembeni kwa adabu. Wakafika kwenye pazia la mwisho.

Pazia likafunguka, Rudy akatokea.

Alikohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kile cha Machi, kilichoanzia magotini. Vumbi likamwagikia binti yake mabegani, likalala kwenye nywele na kope. Corinne akarudi nyuma hatua moja. *Sasa*, Darlene aliwaza. *Sasa hivi, Rudy.*

"Wamekupa kabati namba ngapi?" Rudy aliuliza.

"Mia moja na kumi na nane, Baba."

"Lile mlango wake unabana. Lipige teke chini, kushoto. Na barakoa wanagawa Jumatatu, Jumatano zimekwisha. Chukua kitambaa, kiloweshe, ukikunje hivi, ukivae kwa ndani." Akamwonyesha kwa kitambaa chake mwenyewe. "Chekecheke la tatu usisimame upande wa kulia."

"Na supu ya Alhamisi usiiguse," Lyle alisema kutoka gizani. "Mimi ningekuwa hai, ningeshakufa kwa ile supu."

Corinne alikuwa ametoa kalamu na anaandika kiganjani.

"Rudy!" Darlene alipiga kelele, ndiyo kelele pekee iliyosikika mle ndani usiku huo. "Nimekwambia mtishe!"

"Nimtishe na nini, mke wangu? Si ananiona?"

Darlene akamgeukia binti yake na kumshika mabega, vumbi likaruka. "Huogopi wewe? Humwoni baba yako alivyo?"

"Naogopa, Mama. Naogopa sana," Corinne alisema. Aliifunika kalamu kifuniko chake. "Sasa niogope niende wapi?"

Darlene akazihesabu kazi za mji. Dukani kwake walikuwa wamepunguza watu wawili tangu Agosti. Kituo cha mafuta kilikuwa na kijana mmoja na hakikuhitaji wa pili. Baada ya hapo ilikuwa barabara kuu, na mahindi.

Saa mbili kamili taa za barazani zilizimwa mtaa mzima. Wafu walifagia, wakazoa ndoo nne za vumbi, wakaulizana nani anabeba nini. Garland akaja kwa ukaguzi wa mwisho na tepu yake. Kwenye ukuta wa nyuma Rudy alikuwa amejenga vizimba vya kusimama, kimoja kwa kila mfu, majina yameandikwa kwa penseli. Kumi na vinne vilikuwa na wenyewe. Viwili vilikuwa vipya na bado havijaandikwa.

"Hiki cha nani?" Garland aliuliza.

"Wewe una futi ngapi?" Rudy aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye msumeno.

"Tano na inchi kumi na moja."

"Basi ni cha mtu wa hivyo."

Garland akakipima. Futi tano na inchi kumi na moja. Akaandika, akakohoa, akalaumu majani. Akapima cha pili.

"Futi tano, inchi nne," alisema. "Hivi havina tatizo. Havizidi." Akasaini na kwenda zake.

Darlene aligeuka kutazama jikoni. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kulikuwa na mistari ya penseli, mmoja kwa kila siku ya kuzaliwa ya Corinne, na mstari wa juu kabisa uliishia hapo hapo.

"Mbao zilibaki," Rudy alisema. "Nikikata pamoja zinalingana."

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi Corinne alijaza thamosi, akalowesha kitambaa, akambusu mama yake shavuni na kuondoka. Darlene alisubiri gari lipinde kona. Kisha akaingia gereji na drili, akapiga magoti mbele ya kile kizimba cha futi tano na inchi nne, akaiweka ncha kwenye skrubu ya kwanza na kuanza kuifungua kinyumenyume.

Drili ilinguruma mpaka ikatoa harufu. Skrubu haikuzunguka. Rudy alikuwa ametoboa tundu la kipimo chake.