Ritongo Ndani ya Banda la Dullah

Mnada wa ng'ombe ulipopungua watu, Nyangi aliketi kwenye kigoda chake kando ya runinga, akakaza kitenge kiunoni na kupuliza maiki. Banda la video la Dullah, katika senta moja ya kata ya Nyanungu, lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Nyangi ndiye aliyetafsiri filamu, na wilaya nzima haikuwa na mwanamke mwingine wa kazi hiyo. Alilijua hilo vizuri wala hakujifanya mnyonge. Watu waliacha mpira wa Ulaya wakaja kumsikiliza.

Siku hiyo Dullah aliweka picha ya zamani ya kutisha, ile isiyo na rangi, ambayo kila mtu aliijua. Daktari mmoja wa Kizungu anasimulia jinsi mjane wa nyumba ya kilimani anavyoua watu kwa kisu. Mwishoni mjane anafungwa kamba na kupelekwa kwa vichaa, na daktari anabaki na nyumba. Miaka yote Nyangi alikuwa akitafsiri maneno ya daktari kama yalivyo, na watu wakipiga mayowe kila kisu kilipotokea.

Safari hii alinyamaza katikati. Alikuwa anamfikiria mama yake, Tabitha, aliyekaa nyuma kabisa pamoja na akina mama wengine. Tabitha alikuwa amefukuzwa nyumbani kwake baada ya Marwa, mdogo wa marehemu mumewe, kusimama kwenye ritongo na kusema amemwona jikoni akimlisha chatu ugali wa mtama, yaani ni mchawi. Ritongo ni mkutano wa kijiji unaomtaja mkosaji hadharani, na likishasema, limesema. Tangu hapo Tabitha alikuwa akilala chumbani kwa Nyangi, naye Marwa akilima shamba la Tabitha. Jambo hilo lilimuuma Nyangi kila alipoamka.

"Simamisha, Dullah," alisema. "Rudisha nyuma kidogo."

Dullah akarudisha.

"Jamani, tazameni. Kila huyu mama akishika kisu, anayesimulia ni daktari. Daktari akitoka, mama anashona shuka zake tu. Na huyo daktari aliyajuaje ya chumbani, wakati tunamwona yuko nje na pazia limefungwa? Akipita mbele ya kioo, kioo kinaonyesha ukuta mtupu. Aliyetengeneza picha hii alituwekea alama, sisi macho yote kwenye kisu. Haya, tazameni shingoni kwa daktari. Ule ufunguo ni wa nyumba ya nani?"

Watu wakaanza kunong'ona. Marwa, ambaye hukaa benchi la mbele, akainuka na fimbo yake.

"Hapa kuna neno," alisema. "Hii inataka ritongo."

Wote wakaona amesema sawa. Mabenchi yakageuzwa yakawa duara, runinga ikapewa nafasi yake kati ya wazee. Mjane aliitwa kwanza. Aliweka sindano chini, akasogea hadi uso wake ukajaa kwenye runinga, akawaamkia wazee shikamoo na kujieleza kwa Kikurya kilichonyooka. Alisema hakuua mtu yeyote, na kwamba mumewe alikufa kwa kifua. Wazee wakamuuliza ni wa ukoo gani. Aliposema hana ukoo huku, wakamwazima mmoja ili kesi iendelee.

Daktari alipoitwa, aliongea Kiingereza kirefu.

"Anasema yeye ni msomi," Nyangi akatafsiri.

"Hatujamuuliza hilo," Marwa akasema. "Aseme alichungulia dirisha gani."

Daktari akauvua ufunguo mwenyewe. Ritongo likamrudishia mjane nyumba, na daktari akatozwa fahali. Muda si mrefu fahali mwenye nundu akapita kwenye runinga kutoka kushoto, akafungwa uani kwa mjane. Watu walipeana mikono kwa fahari. Hata Tarime mjini, walisema, hakuna waliowahi kuihukumu picha ikakubali.

Nyangi alikuwa bado ameshika maiki. Akamgeukia Marwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umetafsiri vizuri sana leo."

"Jiko la mama halina dirisha, na mlango hufungwa kwa ndani. Ulimwonaje na chatu?"

Marwa alimtazama kwa upole. "Lile lilishakwisha, mwanangu. Unataka watu waseme ritongo letu linakosea?"

Wazee wakaafiki. Wakaafiki na wale waliomlilia mjane muda mfupi uliopita. Dullah akajishughulisha na waya za spika.

Tabitha akasimama. Hakulia. "Sitaomba tena," alisema. "Nimelima shamba lile tangu nikiwa bibi harusi, na mikono yangu inatosha kuwa shahidi."

"Dada," mjane akaita kutoka kwenye runinga, "huku kuna vyumba vingi, na fahali amekosa wa kumswaga."

Tabitha akachukua jembe lake na kifuko cha mbegu za mtama alivyoviweka chini ya benchi. Akapita katikati ya mabenchi akiwa ameinua kichwa, na watu wakavuta miguu kumpisha. Dullah alimwomba asikanyage waya. Akavuka.

Sasa picha ile inaonyesha wanawake wawili wakilima nyuma ya nyumba ya kilimani, na mtama unakomaa ukiwa wa kijivu, kwa kuwa huko hakuna rangi. Dullah bado anaitangaza kuwa ni ya kutisha, na banda linajaa. Nyangi hutafsiri kwa sauti ya juu kuliko zamani. "Huyo mwenye jembe ni mama yangu," huanza hivyo, na furaha humjaa kifuani, hata pale machozi yanapokuja.

Marwa hakosi. Hufika moja kwa moja kutoka kwenye shamba la Tabitha, buti zikiwa na tope, na hukaa benchi la mbele. Wakiwepo wageni wa kutoka Sirari, huwaonyesha runinga kwa fimbo.

"Huyo ni shemeji yangu," huwaambia. "Na yule mama mzungu, sisi hapa ndio tuliomrudishia nyumba yake."

Na wageni humpa mkono.