Ukimya wa Huduma Saba

Mita ilikufa tena.

Kalekye aliitazama kwenye skrini ikiinuka, ikishika, ikianza kuhesabu, kisha ikaanguka kimya kama mtu aliyepigwa kisogoni. Akaiinua tena. Ikaanguka tena.

"Imekukataa?" Peres aliuliza kutoka meza ya pili, macho yake kwenye kioo kidogo, akijipaka mafuta ya midomo.

"Niliipa kumbukumbu kidogo mno. Ikianza tu kupima wenzake, inajaa, mashine inaiua."

"Kwa hivyo mpimaji mwenyewe ndiye anakufa njaa." Peres akafunga kioo. "Wacha ife, Kalekye. Hiyo kitu yako itatumaliza sisi wote."

Alikuwa anatania, lakini si sana. Kampuni yao, kwenye ghorofa ya tano nyuma ya City Market, ilitunza programu za watu wengine: za maduka, za shule, za vyama vya akiba. Programu hizo ziliishi kwenye klasta, yaani mashine kadhaa zilizofungwa pamoja zikafanya kazi kama moja, kila programu ndani ya kontena lake. Zilikaa kama wapangaji wa ploti: kila mmoja na mlango wake, lakini maji na stima ni za wote. Hakuna aliyejua nani anatumia nini. Sasa wakurugenzi walitaka kujua, na kinachokula bure kizimwe. Muchiri, mkuu wa kitengo, aliwaahidi kuwaonyesha picha kamili Ijumaa hii saa kumi. Kazi ya kufunga mita, programu ndogo ya kupima matumizi ya nyingine, akampa Kalekye, aliyekuwa bado kwenye majaribio, na barua yake ya kuajiriwa ilikuwa juu ya meza ya mtu fulani, ikisubiri sahihi.

Kalekye aliipenda kazi hiyo kwa moyo wake wote. Kwao Makueni, bomba la kijiji lilipofungwa mita, ugomvi wa foleni uliisha, na wanawake waliokuwa hawasalimiani wakaanza tena kubebeana mitungi. Tangu hapo aliamini kwamba watu wakiona wazi kinachotumika, haki hujileta yenyewe. Alisomea kompyuta chuo kikuu akiwa na imani hiyo, na akaja nayo mjini.

Akaongeza kumbukumbu. Mita ikasimama, na safari hii haikuanguka. Akaifunga kwenye mashine ya kwanza, ya pili, na nyingine zote, mpaka kila moja ikawa na mpimaji wake mdogo, aliyekuwa akichungulia kila baada ya nusu dakika na kupeleka habari mahali pamoja. Mistari ikaanza kuchorwa. Programu ya shule moja ya Muthangari ilipanda na kushuka kama kifua cha mtu anayekimbia. Ya duka la mitumba ilitambaa.

Mstari mmoja haukutambaa wala haukupanda. Ulilala chini kabisa, umenyooka.

"Huduma saba," Kalekye alisoma jina. "Peres, hii ni ya nani?"

"Lebo inasema nani?"

"Haina lebo."

Kila kontena lilitakiwa kuwa na lebo ya mwenyewe, lakini sheria hiyo ilikuja baadaye, na vitu vya zamani vilikuwa vimeachwa uchi. Kalekye alisogea karibu na skrini. Mstari ulikuwa bapa. Mara moja tu, alipokuwa akiutazama, aliona kama ulishtuka, kidogo sana, kama kope la mtu aliyelala. Alipopanua picha, hapakuwa na kitu. Huenda kilitokea katikati ya usomaji mmoja na mwingine. Huenda macho yake yalichoka.

"Hiyo ni maiti," Peres alisema, akiwa sasa amesimama nyuma yake. "Zika, twende tukale."

Muchiri alipita akiwa na simu sikioni. Akaifunika kwa kiganja. "Zimeshika zote?"

"Zimeshika. Lakini kuna moja haina mwenyewe. Haitumii chochote."

"Basi ndiyo tunayotaka waione imezimwa. Tangaza kwenye kikundi. Sheria unaijua, mama."

Sheria aliijua. Anayetaka kuzima kitu hutangaza kwenye kikundi cha simu kabla ya lanchi. Watu wakirudi kutoka kula na hakuna aliyesema neno, anazima. Ilikuwa desturi nzuri, haikuwahi kuwaangusha, na ilikuwa imeokoa mikutano mingi.

Kalekye aliandika: *Huduma saba haina lebo wala matumizi. Kama ni yako, sema. La sivyo nitaizima baada ya lanchi.* Akatuma. Dirisha lilikuwa wazi, na adhana ya msikiti wa Jamia ikaingia juu ya honi za barabara, ndefu, tulivu. Aliifurahia kila Ijumaa. Ilimwambia kwamba wiki inaisha. Kwenye kiti cha Mzee Taib, mfanyakazi wa siku nyingi kuliko wote, kando ya dirisha, palikuwa na koti tu.

Walikula chapati na maharagwe kwenye kibanda cha ngazini. Peres alimsimulia mwanamume wa Mountain View aliyemwalika chakula cha jioni kisha akamwomba nauli ya kurudi. Kalekye alicheka mpaka akapaliwa, lakini kicheko kilipoisha alitoa simu. Kikundi kilikuwa na madole gumba mawili na picha ya mtu akililia jeneza. Hakuna aliyesema ni yake.

"Mbona unaangalia hiyo simu kama ya mpenzi?" Peres akamuuliza.

"Nasubiri tu kama kuna mtu."

"Hakuna mtu."

Waliporudi, Muchiri alikuwa amesimama mezani kwa Kalekye, mikono mifukoni. "Ishazimwa?"

"Naweza kumuuliza Mzee Taib kwanza? Yeye ndiye wa zamani hapa."

"Taib yuko kwenye kikundi, Kalekye. Amenyamaza kama wengine." Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, na tai yake mpya ilimbana shingo. "Wakurugenzi wakiona tunafunga mita halafu tunaogopa mita, watatucheka."

Akaandika amri. Nakala za huduma saba zinazoendeshwa: sifuri. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe kwa pumzi moja, kisha kikashuka.

Hakuna kilichotokea. Mstari uliokuwa bapa ukakatika, na nafasi yake ikawa nyeupe. Muchiri akampigapiga begani. Nje, jua lilikuwa limejificha, na mwangaza wa ofisi ukawa wa kijivu kama maji ya kuoshea vyombo.

Mzee Taib alirudi kutoka msikitini akiwa na kofia bado kichwani, harufu ya udi ikimtangulia, na mfuko wa kashata aliowanunulia. Alikuwa mtu wa Mombasa, na ofisi nzima ilijua kwamba Ijumaa hawezi kula haluwa peke yake wala kashata peke yake. "Njooni mchukue, msiniachie mimi sukari yote hii, daktari ataniua." Akaketi, akawasha simu yake. Ikalia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe. Akaanza kusoma huku akitabasamu.

Tabasamu likakaa mahali pale pale baada ya macho kuacha kutabasamu.

"Nani amegusa saba?"

"Mimi," Kalekye akasema. "Tulitangaza, Mzee. Hakuna aliye..."

"Lini?"

"Tuliporudi kutoka kula."

"Irudishe, binti yangu. Sasa hivi. Usinijibu, irudishe."

Vidole vya Kalekye vilikosea mara mbili. Nakala: moja. Huduma saba ikaamka, na mstari ukaanza tena, bapa, mtulivu, kana kwamba hakuna lolote lililokuwa.

"Ni nini?" Peres aliuliza. Hakuwa akitania tena.

Taib alivua kofia, akaiweka gotini. "Mteja wetu wa kwanza kabisa. Wazee wanaokaa peke yao. Kila mmoja ana kitufe shingoni, amekivaa kama mkufu. Akianguka, akizidiwa, anabonyeza, na saba ndiyo inayosikia, ndiyo inayowapigia jamaa na wauguzi. Asipobonyeza mtu, saba haina kazi. Inakaa tu inasikiliza." Akajipangusa uso. "Lebo sikuiweka. Kila siku nilisema kesho."

"Basi sasa inasikia," Muchiri alisema haraka. "Imerudi. Si imerudi?"

"Imerudi kwa atakayebonyeza sasa. Kitufe hutuma mara moja tu, hakirudii. Kama kuna aliyebonyeza wakati imezimwa..."

Kalekye alitazama ile nafasi nyeupe kwenye picha. Haikuwa pana. Kidole kimoja kingeifunika.

Wakagawana namba za wazee hao, wakapiga. Peres alipiga kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, akiomba radhi, akiuliza kuhusu miguu na sukari. Mzee mmoja wa Muthangari alimfokea Muchiri kwa kumwamsha. Mama mmoja wa Westlands alitaka kujua kama wanauza kitu. Kila aliyepokea, hata kwa matusi, Taib alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini. Mwishowe ikabaki namba moja.

"Mwalimu Mukai. Kileleshwa," Taib alisoma. "Mjane. Watoto wote wako ng'ambo."

Simu iliita mpaka ikakatika. Wakapiga tena. Ikaita kwa njia ile ile, bila haraka.

"Wauguzi wako Rongai, kwa mgonjwa mwingine," Taib alisema baada ya kuwapigia. "Watachelewa."

Kalekye alikuwa ameshasimama, mkoba begani.

"Saa kumi inakaribia," Muchiri alimwambia, si kwa ukali. "Wewe ndiye umefunga mita. Ukiondoka, mimi nitawaambia nini?"

Kalekye akatoka mlangoni. Akashuka ngazi mbili mbili.

Alikimbia hadi pembeni mwa mji, ambako waendesha bodaboda hawaogopi kanjo, askari wa jiji. "Kileleshwa," akasema, "na tafadhali, kaka, haraka." Wakaingia barabara ya State House, chini ya miti mikubwa iliyokutanisha matawi juu yao, na ghafla kukawa na baridi na giza la kijani. Njia nzima Kalekye alimwona mtu asiyemjua akibonyeza kitu kifuani, akingoja. Mtu huyo hakulia. Alingoja kwa adabu, kama mwalimu angojaye darasa linyamaze.

Mlinzi wa jengo alimokaa Mwalimu Mukai, Muindi, alimsikiliza akiwa anachuna sukuma wiki langoni. Aliposikia jina, aliacha mboga chini.

"Mwalimu hatoki. Goti linamsumbua. Na dada wa kazi, Stacy, ameenda soko la Kangemi tangu asubuhi." Alikuwa tayari anapanda ngazi. "Wewe ni wa nyumbani kwao?"

"Hapana." Kalekye alihema. "Mimi ndiye niliyezima."

Muindi hakuelewa, akaendelea kupanda.

Mlango ulikuwa wa mbao nzito iliyong'arishwa, na zulia dogo mbele yake. Kalekye akabonyeza kengele. Akaisikia ikilia ndani, ikizunguka vyumba, ikirudi. Chini ya sauti hiyo kulikuwa na nyingine iliyoendelea kengele ilipokoma: maji ya bomba, yakitiririka bila mtu wa kuyafunga.

"Mwalimu!" Muindi aliita. "Mwalimu Mukai! Ni Muindi!"

Maji tu. Muindi akatoa furushi la funguo za akiba, akajaribu mmoja, akautoa, akajaribu mwingine. Funguo zikagongana. Simu ya Kalekye ilitikisika mfukoni. Ofisi. Akaiacha itikisike.

Zulia likabadilika rangi. Ukingo wake ukawa mweusi, na weusi huo ukasogea polepole kuelekea viatu vyao. Maji yalikuwa yakipita chini ya mlango, membamba, safi.

"Si huu," Muindi alinong'ona. "Wala huu."

Ndipo kitu kikagonga. Hakikugonga kutoka juu, mahali mtu aliyesimama angegonga, bali chini kabisa, karibu na sakafu, upande wa pili wa mbao. Mara moja. Kisha kimya kirefu, mpaka Kalekye akadhani ni bomba. Kisha tena, hafifu zaidi.

Kalekye akapiga magoti majini. Akaweka sikio kwenye mlango, akainua ngumi, akagonga naye, taratibu, mahali pale pale.