Mahali pa Kukohoa

Ukumbi mzima ulikohoa kwa pamoja. Zohrab Terzian alikuwa ndiyo kwanza amalize ubeti wa pili na kuingia kwenye kiitikio, na umati wa mji wa Gyumri, katika nchi ya mababu zake, ukatoa kikohozi kimoja, kho, kisha ukaangua kicheko. Yeye akaendelea kuimba. Angeendelea hata kama wangemrushia viatu.

Tangu lini kitu kikamgusa? Beirut aliimba, Los Angeles akaimba, harusi baada ya harusi, kuhusu theluji ya nchi ya mababu ambayo hakuwahi kuikanyaga. Wanawake walilia mpaka wanja ukawachuruzika, naye akawatazama huku akiwaza foleni ya kurudi nyumbani. Alijipa moyo kwamba siku akifika atahisi. Sasa amefika. Aliibusu ardhi ya uwanja wa ndege kwa sababu wapiga picha walikuwa wakingoja, na alichoambulia ni vumbi midomoni. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Kama hata huku moyo umekaa kimya, basi maisha yake yote amewaimbia watu kitu asichokuwa nacho.

“Kaka, ndiyo kuzomewa huku?” Bedros, mpiga ngoma wake, aliuliza nyuma ya jukwaa.

“Wanacheka tu.”

“Aa, bora wangezomea, tungejua moja!”

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia bibi mmoja mnene, amekumbatia sahani ya mikate ya sukari iliyofunikwa kitambaa. Alijitaja kuwa Araksi, kisha akamtazama Zohrab juu mpaka chini.

“Umeimba vizuri, mwanangu. Ila pale umetupita mbio.”

“Pale wapi, mama?”

“Pa kukohoa.”

Bedros akajifanya anakunja waya.

“Enzi zile kaseti zenu ninyi wa ng'ambo hazikuuzwa huku,” bibi alisema. “Yako aliileta binamu yangu, na kesho yake anaondoka nayo. Tukaziweka redio mbili kwenye meza ya jikoni, zinatazamana, moja inaimba, nyingine inarekodi. Nikawaambia wa nyumbani, leo atakayefungua mdomo atanitambua! Binti yangu Narine alikuwa na mafua. Akajikaza, maskini, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, mwisho kikohozi kikamshinda. Na mji mzima ukanakili kutoka kwetu. Vijana wanadhani wimbo ndivyo ulivyotungwa.”

“Naye Narine yuko wapi siku hizi?”

“Lile tetemeko la ardhi lilimkuta darasani.” Alilisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. “Picha zilifukiwa na nyumba. Nilichobaki nacho ni hicho kikohozi. Kaseti yangu imeshakatika, ndiyo maana nawasikiliza watu.” Akamsogezea sahani. “Kula, umekonda mno. Kesho tuachie nafasi, kidogo tu.”

Alipotoka, Zohrab alingoja machozi. Hayakuja. Akala mkate, ukawa mtamu, basi.

Kesho yake, ubeti wa pili ulipokwisha, alinyamaza. Ukumbi ukakohoa, ukacheka. Katika safu ya tatu bibi Araksi peke yake hakukohoa. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, amefumba macho, anasikiliza. Zohrab akaendelea na kiitikio kama kawaida, na safari ikaisha, na ndani mwake hakuna kilichotikisika.

Mwezi uliofuata alikuwa Los Angeles, kwenye harusi ya watoto wa watu asiowajua. Maharusi walikuwa wakicheza, shangazi wanapunga leso, na watu wakaomba wimbo ule ule. Akauimba huku akili iko kwenye foleni. Ubeti wa pili ukaisha.

Zohrab akanyamaza.

Bedros akazungusha mapigo mara moja, mara ya pili. Maharusi wakasimama. Hakuna aliyekohoa.

“Kaka!” Bedros alimnong'oneza. “Umesahau maneno?”

Zohrab alitikisa kichwa. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, amefumba macho kama bibi Araksi.

“Ngoja,” alisema. “Mtoto hajamaliza.”