Bakuli la Bawabu

Kama kuna kitu ambacho mkamwana hakuwahi kudhani angekikodolea macho kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, basi ni mavi ya mbwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alifungua mlango wa nyuma polepole, roho juu, akazunguka tangi la maji mpaka kwenye kona ya ukuta, akainama na kutazama. Yale yale ya jana: mengi, mepesi, rangi ya uji, yaking'aa mafuta. Chakula kilikuwa kimeingia na kutoka kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mwenyewe Bawabu alisimama pembeni, mbavu nje, akitikisa mkia taratibu kama anayeomba radhi.

Alikuwa mbwa wa mama mkwe. Tangu mzee wake afariki, mama huyo aliongea na Bawabu kuliko alivyoongea na watu. Alimwambia ameota nini, ameamka na goti lipi bovu, nani kapita barabarani bila kusalimia. Mbwa akawa anakula kama hana akili nzuri, mpaka anaramba sufuria za jirani, na bado anakonda. Ndipo wakampeleka kwa daktari wa mifugo.

Siku hiyo mama alikuwa amebaki nje, kamkumbatia mbwa, hataki kusikia neno lolote. Aliyeingia ni mkamwana na mumewe.

"Kongosho yake imegoma," daktari alisema. "Haitoi vimeng'enya vya kuvunja chakula. Anakula, lakini mwilini hakiingii chochote. Dawa yake ya unga hapa kwetu haipatikani. Jaribuni kongosho ya ng'ombe, iliyokaguliwa machinjioni, ikatwekatwe na kuchanganywa na nyama. Vyote vibichi. Wali na uji basi."

"Na isipofaa?" mume aliuliza.

Daktari alitazama meza yake. "Isipofaa, mnyama asiteswe."

Mume alikuwa fundi wa mabomba, kazi yake ya mbali, anarudi nyumbani mwisho wa juma tu. Jumapili alipoondoka alisimama mlangoni na begi lake, akasema kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie, "Nikirudi Ijumaa nikamkuta bado hivi, namwita daktari aje na sindano. Inaniuma na mimi. Lakini yule anakufa njaa tunamtazama."

Mkamwana alimsindikiza kwa macho. Alikuwa anamfikiria mama. Nani angemwambia?

Kwenye bucha walishamzoea. "Shemeji wa kongosho huyo!" mwenye bucha alipaza sauti kila alipomwona. "Wenzako wanataka steki, wewe unataka tunachotupa. Huyo mbwa kakuroga?"

"Nipe iliyochinjwa leo, shemeji. Ya jana sitaki."

"Haya, malkia. Ya leo, bado inapumua."

Akirudi aliikata vipande vidogo vidogo, akachanganya na nyama, akafunika bakuli. Kisha alinawa mikono na kurudi kwenye pasi yake, maana kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu hapo sebuleni. Bakuli alilipeleka mama. "Niachie mimi," alisema mama. "Bawabu hali vizuri asiponiona."

Jumatatu hakuna badiliko. Jumanne vilevile. Mkamwana aliunguza kola ya shati la mtu kwa mawazo. Alianza kumshuku mwenye bucha, kisha akamshuku daktari, kisha akajishuku mwenyewe kwamba labda vipande ni vikubwa mno.

Jumanne hiyo hiyo jioni alitoka kuanua nguo, akaona kipande cha nyama kimeanguka karibu na tangi. Alikiokota. Kilikuwa na uvuguvugu. Nje kijivu, ndani chekundu.

Alisimama pale, shuka la watu begani. Akakumbuka birika. Kila jioni birika lilikuwa linachemka jikoni, na yeye akidhani ni chai.

Mama mkwe alikuwa amefanya kazi zahanati tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akichemsha mikasi na vyombo vya madaktari. Nyumbani kwake hata kijiko kipya cha dukani kilipigwa maji ya moto kwanza. Angewezaje kumpa Bawabu nyama isiyoguswa na moto?

Mkamwana alimkuta jikoni, anakausha birika kwa kitambaa. Amwambie mama wa watu kwamba ni mkono wake unaoharibu dawa?

"Mama, samahani. Hii nyama tunaimwagia maji ya moto?"

"Kidogo tu, mwanangu. Kuua vijidudu. Naimwagia, naichuja. Kwani ninyi vijana mnataka ale na wadudu wake?"

"Mama, ndani ya ile kongosho kuna kitu ambacho Bawabu hana tumboni. Ndicho kinachomsagia chakula. Maji ya moto yanakiua."

Mama aliacha kufuta. Kitambaa kilibaki juu ya birika. Nje, Bawabu alikuwa analiramba bakuli tupu mpaka linagonga ukuta.

"Kumbe ni mimi," mama alisema.

"Hapana, mama. Mimi sikukueleza. Nilisema mbichi, nikarudi zangu kwenye pasi."

"Ni mimi," mama akarudia, akaketi kwenye kigoda. Kisha aliuliza, "Mwanangu kasema nini kuhusu Ijumaa? Nilimwona pale mlangoni. Usinifiche."

Mkamwana akamwambia.

Kuanzia hapo birika lilipanda juu ya kabati. Mama alisimama anaangalia nyama ikikatwa, midomo kaibana, akatoka na bakuli la nyama mbichi. Ikawa sasa wanaamka wawili, wanazunguka tangi pamoja, wanainama pamoja. Alhamisi mkamwana alidhani yamekauka kidogo, mama akasema asimpe moyo wa bure.

Ijumaa mume aliingia, hata begi hajatua. Macho yalimwendea mbwa. Mbavu zilikuwa pale pale, zinahesabika. Alishusha pumzi, akatoa simu mfukoni.

"Piga," mama alisema. "Mwite daktari. Lakini kwanza njoo huku."

Akamshika mkono mtu mzima yule kama mtoto, akamvuta mpaka nyuma ya tangi, akamwonyesha kwa kidole. Chini palikuwa na kidonge kimoja, cheusi, kigumu, hakina mng'ao.

"Mama, unanionyesha mavi?"

"Nakuonyesha. Inama utazame vizuri!"

Akainama. Bawabu alikuja akamnusa sikio. Mkamwana aliikodolea macho ile simu mpaka alipoiona inarudi mfukoni.

"Hebu tuone na ya kesho," mume alisema.